Mtu wa Kona

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la ofisi moja mjini Shinyanga, nikisubiri kuitwa kwenye usaili, mzee mmoja akaja kukaa karibu yangu akiwa amejipaka dawa ya kuchua magotini. Ile ya kopo dogo, yenye harufu ya kafuri inayopanda puani mpaka machozi yanalengalenga. Tangu alfajiri nilikuwa nimekariri majibu, nikayapanga, nikayapangua, nikajiuliza kama nikitabasamu mwanzoni wataniona sina umakini. Yote yalinitoka. Nilibaki na harufu ile tu, na nyuma yake chumba chetu cha Geita, televisheni ndogo iliyozimwa sauti, na pacha wangu Kulwa amelala, miguu yake juu ya mapaja ya baba, anachuliwa.

Kopo lilikuwa moja na kazi zake mbili. Jioni baba alilipeleka uwanjani kwa ajili ya vifundo vya miguu vya wachezaji wake, kisha akalirudisha nyumbani kwa ajili ya magoti ya Kulwa. Kwa sababu hiyo, nilipokuwa mdogo sana, niliamini kwamba Kulwa anaumwa mpira wa kikapu. Nilidhani kila anayeucheza hurudi kwake akalia vile, meno yameuma shuka.

Kulwa alikuwa na selimundu. Mliokulia Kanda ya Ziwa mnaijua. Kila mtaa ulikuwa na nyumba yenye mtoto wa namna hiyo, macho ya manjano kidogo, sweta hata mchana wa jua, chupa ya maji isiyoruhusiwa kukauka. Mimi sikuwa nayo. Tulikaa tumbo moja na kunyonya ziwa moja, lakini mifupa yake ilimuuma na yangu haikuniuma. Yeye alitangulia kuzaliwa, ndiyo maana akaitwa Kulwa. Mimi nilifuata nikaitwa Dotto, na wazazi wetu wakapewa jina lake kama ilivyo desturi: Baba Kulwa, Mama Kulwa. Hakuna aliyekosea. Ila nilikuwa mtoto wa kuwazawaza, na kila jirani alipopita akisema, "Shikamoo, Mama Kulwa," nilingoja kidogo nione kama kuna kitu kitaongezwa.

Baba alikuwa fundi wa matimba. Matimba ni miti inayosimamishwa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, ili kuta zisiwaangukie wachimbaji. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajashuka, alishuka yeye peke yake na nyundo, akawa anaugonga mwamba na kuusikiliza. Mwamba mzima hulia kama chuma. Wenye ufa ndani hutoa sauti ya debe tupu. Miti haikutosha siku zote, alisema, kwa hiyo kazi si kuweka tu, kazi ni kujua pa kuweka na pa kuacha.

Alikuwa amecheza kikapu akiwa shule, huko Shinyanga, na Geita alifundisha timu ya wachimbaji na wanunuzi wa mawe ya dhahabu kwenye uwanja wa shule ya sekondari iliyokuwa karibu nasi. Ili awafundishe vizuri, alitafuta mechi za ligi ya kulipwa ya Marekani, zile za mwisho wa msimu, za mtoano. Rika langu mnamkumbuka kijana wa stendi mwenye kompyuta moja na nyaya kama matumbo ya mbuzi, aliyekurekodia chochote kwenye flashi. Huyo ndiye aliyekuwa anatuwekea. Jumapili mchana, baada ya misa na ugali, tulikaa chumbani tukaangalia.

Sauti ilizimwa. Baba hakutaka kuwasikia watangazaji. "Hao wanakuwazia," alisema. "Mimi nataka kuwaza mwenyewe."

Kulwa hakuweza kukimbia, lakini aliujua mchezo ule kuliko wachezaji wa baba. Alikuwa na vifuniko vya soda kumi juu ya sinia, vitano vimegeuzwa chali na vitano kifudifudi, na baba aliposimamisha picha, Kulwa alivipanga kama watu walivyosimama.

"Haya, kocha," baba alimwambia. "Weupe wamefanya nini hapo?"

"Wawili wamemfuata Kafupi." Kafupi ni jina alilompa mchezaji mfupi, mwepesi, nyota wa timu ya bluu; Weupe ni wapinzani wao, wenye jezi nyeupe.

"Kwa nini wawili?"

"Mmoja hamuwezi. Hata wewe, baba, humuwezi."

"Mimi ningemkanyaga mguu."

"Hiyo faulo."

"Faulo ya heshima. Sasa niambie, wawili wakimfuata mmoja, nani amebaki?"

Kulwa alikisukuma kifuniko kimoja mpaka ukingoni mwa sinia. "Huyu. Mtu wa Kona."

Kweli alikuwepo, chini kabisa pembeni mwa uwanja, mrefu, mwembamba, kitambaa kichwani. Kafupi alipokaribia na mpira, mwenzake alikuwa akimwekea kizuizi cha mwili ili mlinzi wake akwame, na hapo mlinzi wa pili alimrukia, wakambana wawili. Ili huyo wa pili apatikane, ilibidi mtu mmoja aachwe. Aliyeachwa alikuwa yuleyule kila mara. Katika mechi mbili za kwanza, mpira ulipomfikia alitupa akakosa, na Weupe hawakujisumbua hata kugeuza shingo.

"Msimu wa kawaida unakutana na timu leo, kesho umeisahau," baba alieleza. "Mtoano ni watu walewale, mpaka mechi saba. Ni kama ndoa. Ikifika ya tatu unajua mwenzako anakoromea upande gani."

"Nimekusikia, Baba Kulwa," mama alisema kutoka mlangoni, ungo wa mchele magotini.

"Nazungumzia mpira."

"Endelea na mpira wako. Anayekoroma anajulikana na mtaa mzima."

Kulwa alicheka mpaka akakohoa. Baba alingoja amalize, akamnywesha maji, kisha akaielekeza rimoti kwenye kioo. "Mkimwona mchezaji yuko peke yake namna hii, msidhani wamemsahau. Kuna watu wamekaa wakampima. Wamesema, huyu hata tukimwacha hatatuumiza."

Nilimwangalia Mtu wa Kona. Alikuwa amekunja magoti kidogo, viganja mbele ya kifua, tayari. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Nilimhurumia kiasi cha kuuliza, na mimi nilikuwa siulizi ovyo: "Si aende kumsaidia Kafupi?"

"Akisogea anaharibu," baba alisema, bila kunitazama, kwa sababu alikuwa anatazama mechi. "Anamvutia mwenzake mlinzi mwingine. Panabanana, Kafupi anakosa hewa. Kazi yake ni kukaa mbali. Akikaa mbali, ndiyo amesaidia."

Sijui kama kuna sentensi nyingine ya baba iliyoingia ndani yangu kama hiyo. Niliibeba, nikalala nayo, nikaifanya sheria. Nyumbani kwetu kulikuwa na watu wazima wawili, na wote wawili walikuwa kwa Kulwa. Mama akichemsha maji ya kumkanda, baba akimchua. Mama akihesabu vidonge, baba akitafuta pikipiki. Mimi nilikuwa pembeni, sina mtu. Walikuwa wamenipima. Na kama kusogea kwangu kungewabananisha, basi ningekaa mbali, na huko mbali ndiko ningekuwa mtoto mwema.

Leo naliona kosa lenyewe, kwa sababu nimeshalichambua mara nyingi kuliko lilivyostahili. Wanaomwacha Mtu wa Kona ni wapinzani. Wa timu yake hawamwachi, wanamtafuta. Mimi niliwavalisha wazazi wangu jezi nyeupe.

Basi nikaanza kukaa kona. Wakila karibu na kitanda, nilichukua sahani yangu nikakaa kizingitini. Jino liliponiuma nilitafuna upande wa pili mpaka likang'oka lenyewe. Mwalimu aliponipa barua ya kumwita mzazi, si kwa ubaya, kwa sababu tu nilikuwa sioni ubaoni, niliikunja nikaiweka chini ya godoro na kuanza kukaa dawati la mbele. Mama akigeuka, jasho usoni, akaniuliza, "Na wewe, mayu?" kwa neno lile la Kisukuma la kumbembeleza mtoto, nilijibu niko sawa. "Dotto wangu hana shida," aliwaambia majirani, na sentensi hiyo ilinishibisha siku nzima.

Kisha mjomba akafariki, kaka yake mama, na mama akalazimika kwenda msibani Tinde. Aliondoka asubuhi, tumeshaangalia mechi tano kati ya zile saba. Maagizo yake aliyatoa akiwa amesimama, mfuko mkononi: Kulwa anywe maji, Kulwa asivue sweta, Kulwa asioge maji ya baridi. "Na wewe Dotto, umsaidie baba yako."

Jioni hiyohiyo nilisikia baridi ndani ya mifupa. Ilikuwa msimu wa kiangazi, asubuhi na jioni zina ubaridi, kwa hiyo nilichukua sweta la zamani la Kulwa lenye kofia nikalivaa. Kichwa kiligonga. Sikusema. Ningesemaje? Baba alikuwa peke yake, na nyota wetu alikuwa mmoja.

Asubuhi ya pili maumivu ya Kulwa yalianza, kwanza mgongoni, halafu nyonga, halafu kila mahali. Baba aliita bodaboda. Alikaa nyuma, Kulwa katikati amefungwa naye kwa khanga, na pikipiki ikawa imejaa.

"Utaweza kuja kwa miguu?" aliniuliza. "Na kikapu?"

"Nitaweza."

Kikapu kilikuwa na chupa ya chai, vikombe na khanga mbili. Kutoka kwetu mpaka hospitali mtu mzima anatembea bila kufikiri. Mimi nilihesabu nguzo za umeme. Kila nguzo ya tatu nilikaa chini, nikajifanya nafunga viatu, na viatu vyangu havikuwa na kamba.

Wodini palikuwa na benchi ukutani, karibu na mlango, mbali na kitanda cha Kulwa. Nililichagua mimi. Baba alikaa kwenye kiti, mkono mmoja juu ya goti la Kulwa, macho kwenye dripu. Alinituma maji ya moto nikaleta. Alinituma uji nikaleta. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, na aliponipapasa kichwa kiganja chake kilitua kwenye kofia ya sweta, hakikugusa ngozi. Nilitapika nyuma ya kamba za kuanikia nguo, nikafukia kwa mchanga kama paka. Baada ya hapo nakumbuka vipande tu. Miguu ya kitanda ilikuwa inasogea. Mama mmoja alisema, "Katoto katulivu haka, sijui ka nani."

Siku iliyofuata, mchana, dawa zilikuwa zimemtuliza Kulwa. Alikuwa amelala ubavu, amegeukia mlango.

"Baba."

"Naam, kocha."

"Mwangalie Dotto."

"Dotto yuko sawa. Pumzika."

"Baba, hayuko sawa. Inzi ametua mdomoni kwake mara mbili. Hajamfukuza."

Nilimsikia vizuri kabisa. Nilitaka kuinua mkono nimfukuze yule inzi ili Kulwa aonekane mwongo, na mkono haukuja. Kiti cha baba kilikwaruza sakafu. Aliishusha kofia ya sweta, akanigusa shingoni, kisha akaniinua kama mzigo usio na uzito na kuita nesi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani.

"Huyu ni wa nani?" nesi aliuliza, tayari ameshika kidole changu kwa ajili ya kipimo.

"Wangu."

"Na yule pale?"

"Wangu pia. Ni mapacha."

"Baba, mtoto anaungua hivi, na umekaa naye humu ndani tangu jana?"

Kipimo kilitoka. Malaria ilikuwa imepanda sana. Nilisikia nesi akimwambia mwenzake kwamba kama ningecheleweshwa mpaka jioni, ningekuwa naweweseka. Kitanda hakikuwepo, wakatulaza kimoja, mzungu wa nne: miguu yangu ubavuni kwa Kulwa, ya kwake ubavuni kwangu, dripu mbili kwenye mti mmoja.

Nilipoweza kuongea, baba alichuchumaa usawa wa uso wangu. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikaa kona."

Hakuelewa. Nikamweleza nilivyoweza: kwamba nikisogea nitamharibia Kulwa, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema, kwamba nilikuwa nimekaa mbali vizuri sana na hakuna aliyenisumbua. Nadhani nilitegemea anisifu.

Baba alivua kofia yake. Aliishika kwa mikono miwili akawa anaitazama ndani.

"Ule mwamba mzima siuwekei mti," alisema mwishowe. "Miti haitoshi, nauacha usimame wenyewe. Lakini naugonga, Dotto. Kila siku ya Mungu naugonga, nausikiliza. Wewe sikukugonga."

Alisimama akatoka nje. Kupitia dirishani niliuona mgongo wake. Alikaa huko muda mrefu.

Kulwa alinipiga teke dogo la ubavu, kwa kadiri alivyoweza.

"We mjinga kweli."

"Niache."

"Mtu wa Kona unamjua wewe? Yule anapiga kelele kuliko wote. Anaita mpira mpaka mishipa ya shingo inamtoka."

"Muongo. Hasemi kitu."

"Si baba amezima sauti! We huendi uwanjani, mimi naenda, nakaa kwenye benchi la kina baba. Ni kelele tupu. Huyu anaita, huyu anatukana, huyu anasema nakuja kushoto. Asiyepiga kelele baba anamtoa nje."

Mechi zote zile, nilikuwa nimewaona wachezaji midomo ikifunguka na kufungika, nikadhani wanahema.

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Kulwa hakuwahi kuwa mzima tena baada ya maumivu ya mwaka ule. Nyonga yake iliharibika, akatembea kwa fimbo, na tulipokuwa kidato cha pili tulimzika. Daktari alisema nyonga huharibika hivyo kwa wagonjwa wengi wa selimundu, haihusiani na chochote kilichotokea wodini. Lakini mimi nina uwezo wa kuhusisha chochote na chochote. Nilijiuliza kama yale masaa ambayo baba alihama kiti chake kuja upande wangu yalikuwa ya Kulwa, kama nilimwibia macho siku alipoyahitaji. Nilipomaliza chuo ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza baba. Alikuwa anamenya muhogo. Hakuacha kumenya.

"Yeye ndiye aliyekuona," alisema. "Mimi nilikuwa na macho mawili mazima na sikukuona. Mtoto yuko kwenye maumivu yake, akakuona. Hicho ni cha kwake. Usimnyang'anye."

Sijarudia kuuliza.

Siku zile za wodini, mama alifika kesho yake mchana, baada ya mimi kulazwa. Alikuwa ameambiwa kwa simu habari za mtoto mmoja tu, kwa sababu baba alishindwa kuzisema za wa pili. Aliingia akiwa na vumbi la njia nzima kichwani, khanga ya msibani bado kiunoni, mfuko ukiwa umembana kwapani. Alimtafuta Kulwa kwa macho, akamwona, akaanza kuja. Kisha akaona kwamba kitanda kina vichwa viwili, kimoja kila mwisho.

Akasimama. Alipiga hatua moja upande wa Kulwa, akaikatisha. Akageuka kwangu, akaikatisha nayo. Mfuko ulidondoka, hakuuokota. Mikono yake ilikuwa imetangulia mbele yake na haikujua iende wapi. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona mama kama jeshi, kama kitu ambacho kingetosha watu wote kama kingetaka, na ambacho kwa upande wangu hakikutaka. Pale katikati ya wodi nikamwona ni mmoja. Mwanamke mmoja mwembamba, ametoka kumzika kaka yake, viatu vimejaa udongo wa Tinde, hajui aanzie wapi.

Kulwa alikuwa usingizini. Baba alikuwa amekwenda kutafuta dawa. Sikuwa na uhakika kama sauti itatoka, na nilifikiria, hata hapo nilifikiria, kama nitawaamsha wagonjwa.

"Mama," nikaita, kwa nguvu mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Mama, njoo huku."